Jeti ya 130: Eldoret hadi Lodwar kwa Pikipiki Mbili za Zamani

Tangu nirudi, kila anayeingia dukani kununua plagi au cheni lazima aniulize kwanza mkono wa Owuor uliumiaje. Mmoja alisikia tulivamiwa na wezi wa mifugo. Mwingine alisikia ni mimi niliyemgonga. Nimeeleza vipande vipande mpaka nimechoka, na katika kueleza huko kuna kipande kimoja nimekuwa nikikiruka. Kwa hivyo naandika yote mara moja, na hicho kipande kikiwa ndani.

Mimi ni Njeri, ingawa hapa Eldoret wengi wananiita Mama Spea. Owuor ni mtu wa maabara, rafiki yangu wa miaka mingi, na kinachotuunganisha ni pikipiki. Zetu ni za aina moja, za Kijapani, zile zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili, na ni za zamani kuliko vijana wengi wanaoendesha bodaboda leo. Yangu iliuzwa mpya hapa Kenya kwa ofisi ya kilimo, ikazeekea Moiben, baba yangu akainunua kwenye mnada. Ya Owuor ilitengenezewa soko la Marekani. Daktari mmoja wa misheni aliileta ndani ya kreti, na alipoondoka akamwachia. Ukizisimamisha pamoja utazitofautisha kwa taa tu, hadi ufungue karbureta.

Ndani ya karbureta, panapochanganyika petroli na hewa, kuna jeti, kipande cha shaba kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, chenye tundu katikati. Ukienda kasi, petroli yako inapita hapo. Tundu likiwa kubwa mno, injini inatoa moshi na kukohoa. Likiwa dogo mno, inapata hewa nyingi na petroli kidogo, inachemka, pistoni inavimba na kukamata ndani ya silinda. Yangu ya soko la Kenya ilikuwa na jeti ya 140. Ya Owuor ya Marekani ilikuwa na 130. Tofauti hizo nimekuwa nikiziandika kwenye daftari kwa miaka, wengine wanavyokusanya stempu.

Sasa, mteja mmoja kutoka Lodwar aliniambia huko kwao kuna mzee mwenye pikipiki kama zetu, iliyotengenezewa soko la Ulaya, na karbureta yake haijawahi kufunguliwa na fundi yeyote. Sikulala vizuri wiki hiyo. Nilipata namba ya simu ya binti yake, Akiru, ambaye ni mwalimu. Akasema, "Njooni tu. Nitamwambia baba."

## Eldoret hadi Kitale, na mvua ya Moi's Bridge

Tulitoka asubuhi, na mpaka Soy Owuor alikuwa akinicheka. Yake ilikuwa inaenda kama cherehani mpya. Siku chache kabla nilikuwa nimembadilishia jeti, kwa sababu ile ya zamani fundi mmoja aliizibua kwa waya mpaka tundu likapanuka. Nilitafuta kwenye droo zangu nikapata nyingine ya 130, uzi wake wa skrubu ukakubali, nikafunga. Tangu siku hiyo pikipiki ilikuwa tamu kuliko ilivyowahi kuwa. Yangu, kwa hewa hii yetu nyepesi ya juu, ilitoa moshi kama jiko la kuni mbichi.

Mvua ilitupata Moi's Bridge. Tukajibanza chini ya bati la posho mill, kinu cha kusagia mahindi, pamoja na watu waliokuja na magunia yao, na mvua ikakataa kuisha. Mama mwenye posho mill alitupa githeri, mahindi na maharagwe, kwenye bakuli moja, vijiko viwili. Alitazama pikipiki, akatazama masizi yaliyojaa kwenye ekzosi ya yangu, kisha akamgeukia Owuor kwa ukali.

"Baba, kwani wewe ni mtu wa aina gani? Umechukua ile nzuri, mama umempatia hii ya moshi?"

"Huyu si bibi yangu, Mama," Owuor akasema.

"Hata kama mmekosana," akasema yule mama, "hiyo si kitu ya kufanyia mtu."

Watu wote chini ya bati wakamuunga mkono. Owuor alimaliza githeri kichwa kikiwa chini. Mimi sikumtetea. Nilicheka mpaka Kitale.

## Makutano hadi Kainuk, tukishuka

Tulilala Makutano, hapo karibu na Kapenguria, ambapo mhudumu wa gesti alituuliza mara tatu kama kweli tunataka vyumba viwili. Asubuhi tukaanza kushuka.

Ambaye hajashuka ile barabara hawezi kuelewa mwili unavyobadilika. Makutano unavaa sweta na koti. Ortum unavua koti. Ukifika Marich, kule ambako milima inajibana halafu inakuachilia ghafla, sweta nayo umeifunga kiunoni, na hewa inakujia usoni nzito na moto.

Injini nazo zinaisikia hiyo hewa. Kadiri tulivyoshuka, yangu iliacha kukohoa. Moshi ukapungua, ukaisha. Ikaanza kuvuta kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona nikiwa nyumbani, na nikaelewa kwamba ile 140 haikuwa kosa la mtu. Ilikuwa inangoja hewa yake.

Ya Owuor ikawa inaenda kinyume. Tulipopita Marich ilianza kulia, sauti ndogo kama mawe yanayotikiswa kwenye mkebe. Akasimama kando.

"Njeri, sikia hii kitu. Inalia vibaya."

"Ni jua," nikamwambia.

"Jua gani inaingia ndani ya silinda? Tutoe plagi tuiangalie rangi."

Plagi, ile inayotoa cheche ndani ya injini, huwa inasema ukweli. Ikiwa ya kahawia, mko salama. Ikiwa nyeupe, injini inaungua. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Lakini mbele kidogo, Kainuk, tulikuwa tumeambiwa tusichelewe, kuna malori yanayoondoka pamoja kwa kuhofia majambazi, na ni vizuri kufuatana nayo. Nilikuwa pia na lile daftari ndani ya begi, na mawazo yangu yalikuwa Lodwar tayari.

Kainuk tulikunywa chai na chapati za Achieng', mke wa Owuor, aliyetufungia siku ya kuondoka akiniambia mimi, si mumewe, "Umrudishe mzima." Owuor aliomba tena tufungue plagi. Askari wa kizuizi cha barabarani akapiga makofi, malori yanaondoka. Nikasema, "Tutaangalia Lokichar." Hayo ndiyo maneno niliyosema. Nayakumbuka yalivyo.

## Mahali ambapo pistoni ilikamata

Baada ya Kainuk barabara inanyooka. Unafungua mafuta yote na unakaa hivyo kilomita baada ya kilomita. Hakuna kitu kibaya zaidi kwa injini yenye kiu.

Nilikuwa nyuma yake kama mita hamsini. Sikusikia mlio wowote. Niliona tu gurudumu lake la nyuma likiacha kuzunguka, likivuta mstari mweusi barabarani, na pikipiki ikiteleza upande kama ng'ombe aliyekatwa miguu. Owuor akarushwa mchangani. Nyuma yangu nikasikia breki za lori zikilia, na lori hilo likanipita kwa upande wa kulia, likaacha lami, likasimama kwenye vichaka mbele yetu. Lilipita mahali alipoangukia Owuor kwa nafasi ambayo nisingependa kuipima.

Dereva alishuka akipiga kelele. Alikuwa mtu mnene wa Turbo anayeitwa Wafula, amebeba mahindi ya kupeleka Lodwar. Alimtukana Owuor, akanitukana mimi, akamtukana aliyetengeneza barabara. Kisha alimwona Owuor ameshika mkono wake wa kushoto kifuani, midomo imekuwa ya kijivu, akanyamaza katikati ya tusi.

"Ndugu yangu," akasema kwa sauti nyingine kabisa. "Kaa hapo. Usiamke. Nakuletea maji."

Wakati Wafula anamnywesha maji, mimi nilichukua spana nikatoa plagi. Ilikuwa nyeupe kama chaki.

Mtu wa spea akiona plagi nyeupe kwenye pikipiki ambayo ameibadilishia jeti yeye mwenyewe, hahitaji kuambiwa kitu. Sikujua bado kosa liko wapi, maana 130 ilikuwa ni 130, lakini nilijua kosa ni langu.

"Ni nini imeharibika, Mama?" Wafula akaniuliza.

Owuor alikuwa ananitazama.

"Joto," nikasema, nikaitia plagi mfukoni.

Hicho ndicho kipande nilichokuwa nikikiruka.

## Lodwar: mzee asiye na pikipiki

Tulipakia pikipiki juu ya magunia. Owuor akakaa mbele na Wafula, mimi nikafuata nyuma nikila vumbi, na sikuona ubaya wa kula vumbi siku hiyo. Zahanati ya Lokichar walimfunga mkono kwa bendeji, hospitali ya Lodwar wakampiga eksirei na kumwekea plasta ngumu. Mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa umepasuka. Akiru alitupokea kwake kwa samaki wa ziwani wa kukaangwa na ugali, na Owuor akala kwa mkono mmoja.

Kesho yake asubuhi Wafula, aliyekuwa bado anashusha mizigo mjini, alituletea pikipiki hadi nyumbani kwa baba yake Akiru. Mzee Ewoi alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti chake cha mbao, mwembamba, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka kola inasimama. Nilimsalimia, nikatoa daftari na kalamu, nikamweleza kwamba tumekuja kuangalia pikipiki na kuandika namba ya injini.

"Hakuna pikipiki hapa," akasema.

Akiru akashtuka. "Baba! Si nilikwambia watu wa pikipiki wanakuja?"

"Uliniambia. Mimi nasema hakuna. Iliharibika. Iliuzwa. Walichukua."

Mambo matatu kwa pumzi moja. Nilibaki na kalamu hewani. Nilidhani labda anataka kitu, nikaanza kueleza kwamba hatununui, tunataka kuandika tu. Kila nilipotaja kuandika, uso wake ulizidi kukunjamana.

Ni Owuor aliyeelewa. Aliinama mbele ya kile kiti na plasta yake, akasema pole pole, "Mzee, sisi si watu wa serikali."

Mzee akaninyooshea kidole. "Na huyu mama na kitabu?"

"Huyu anauza spea tu."

Hadithi ilitoka kidogo kidogo. Mzee Ewoi alikuwa mchanjaji wa mifugo. Pikipiki ilikuja na mradi wa watu wa Ulaya, naye akaiendesha kutoka Lodwar hadi milimani, akiwa amebeba dawa kwenye sanduku la barafu. Mradi ulipoisha, wakubwa waliondoka bila kumwambia airudishe wala akae nayo. Tangu hapo, mtu mzima huyu amekuwa akingoja siku ambayo mtu mwenye kitabu atakuja kuichukua. Aliificha. Hakuiendesha tena, asije akaonekana.

Nilichana ule ukurasa niliokuwa nimeanza kuuandikia jina lake na mahali anapokaa. Nikampa. Aliukunja mara nne akautia mfuko wa shati, bado ananitazama kwa wasiwasi.

## Sindano ya ng'ombe

Kilichombadilisha hakikuwa ule ukurasa. Ilikuwa pikipiki ya Owuor, iliyolala uani na vumbi. Mzee aliitazama kwa pembe ya jicho, kisha akashindwa kujizuia. Akainuka, akashika kikanyagio cha kuwashia, akakisukuma kwa mkono. Kikagoma, halafu kikateleza kwa kukwaruza.

"Ilikamata," akasema. "Chini ya Kainuk?"

"Chini ya Kainuk," nikajibu.

"Hapo ndipo zinakamata. Toa jeti."

Nilifungua karbureta, nikampa. Akaishika kwenye jua, akasoma namba kwa macho yaliyokunjwa. Akaingia ndani, akarudi na mkebe uliokuwa na sindano zake za kazi, zile nene za ng'ombe, na jeti nne zilizofungwa kwenye kitambaa. Alichagua mojawapo akaniwekea kiganjani karibu na yangu. Zote mbili 130.

"Sasa angalia."

Alichukua sindano moja akaipitisha kwenye jeti yake. Ilipita, ikatokea upande wa pili. Akaipitisha kwenye yangu. Ikakwama. Akasukuma, ikakataa.

"Namba ni moja," akasema, "tundu si moja. Kuna kiwanda kinapima upana wa tundu. Kuna kingine kinapima mafuta inayopita. Huyu anaandika 130, yule anaandika 130, na hawajawahi kukutana. Sisi tuliambiwa hiyo maneno siku ya kwanza. Nani aliweka hii?"

Akiru alikuwa amesimama hapo, na Wafula, na Owuor. Miaka yote hiyo nimeandika namba za masoko ya dunia kwenye daftari, na sikuwahi hata mara moja kupima tundu.

"Ni mimi," nikasema. Nikatoa plagi mfukoni. "Na nilijua tangu barabarani kwamba ni mimi. Plagi ilikuwa nyeupe. Nikasema ni joto."

Owuor aliichukua kwa mkono wake mzima, akaigeuza.

"Nilikuuliza mara mbili tuitoe," akasema.

"Mara mbili."

"Lori ilinipita hapa, Njeri." Akaonyesha kwa plasta, karibu na kichwa chake. Kisha akaenda kukaa kwenye lori la Wafula, akafunga mlango.

Nilitaka kumfuata. Mzee Ewoi akanizuia. "Wacha akasirike," akasema. "Mimi nilichanja mbuzi za mtu na dawa iliyokuwa imeharibiwa na joto. Barafu ilikuwa imeisha njiani, nikajua, nikachanja tu, kwa sababu nilikuwa nimetoka mbali. Zilikufa nyingi. Kurudi kumwambia ilinichukua mwaka. Wewe umechukua siku moja." Akafikiri kidogo. "Lakini hiyo si kusema umefanya vizuri."

Tulifanya kazi mchana kutwa, yeye na mimi. Tulivua silinda, tukasugua alama za pistoni kwa msasa, tukavirudisha vyote. Aliniamuru kama mwanagenzi, na nilikubali. Akaifungia pikipiki ya Owuor jeti yake mwenyewe ya 130. Mwisho, bila kuombwa, akamwita Akiru waondoe kuni na mikeka kwenye banda la mbuzi.

Ilikuwa pale, imefunikwa kwa ngozi, rangi yake bado ina mng'ao. Alinikabidhi bisibisi yeye mwenyewe. Kweli haikuwa imeguswa: jeti ya 130, ile inayopimwa kwa upana wa tundu, kama ilivyotoka kiwandani kwa ajili ya Ulaya. Niliisafisha nikairudisha. Tukatia petroli mpya iliyochanganywa oili, nikapiga kiki mara saba, ya nane ikawaka.

"Zima!" Mzee akapiga kelele, akitazama barabarani. "Zima, watasikia!"

Nikazima haraka. Tukabaki hapo, moshi wa bluu ukitanda juu ya mbuzi. Hakuna aliyekuja. Mwanamke mmoja alipita na mtungi wa maji, akasalimia, akaendelea.

Mzee Ewoi akaweka sawa kola yake.

"Washa tena," akasema.

## Kurudi

Owuor hangeweza kuendesha, kwa hivyo alirudi na Wafula, pikipiki yake ikiwa nyuma ya lori tupu. Mimi nilifuata. Kainuk tulikunywa chai meza moja, Wafula akiongea kwa niaba yetu sote. Aliongea juu ya mahindi, juu ya mkwewe, juu ya lori alilowahi kuliendesha hadi Juba. Makutano, yule mhudumu wa gesti alituuliza kama tunataka chumba kimoja, na Owuor akajibu, "Vitatu. Vya mbali mbali."

Jioni ya siku ya pili tulishusha pikipiki nyumbani kwake Eldoret. Achieng' alitoka mbio, akashika ile plasta kwa mikono miwili.

"Ilikuwaje?"

Owuor alinigeukia, akangoja.

Nikamwambia Achieng' yote, pale pale kwenye ngazi, koti bado mwilini: jeti, plagi, maneno niliyoyasema Kainuk, joto nililolisingizia. Wafula alikuwa ametazama viatu vyake. Achieng' alisikiliza mpaka mwisho. Akaingia ndani. Tuliposikia vyombo tulifuata, tukakaa. Alimpa Wafula chai, akampa mumewe, akarudi jikoni, akakaa huko muda mrefu. Nilikuwa nimeanza kutafuta helmeti yangu aliporudi na kikombe cha tatu, akakiweka mbele yangu kwa nguvu hata kikamwagika kidogo.

"Kunywa," akasema.

Nikanywa mpaka Wafula alipoaga. Nikainuka naye. Nilipofika mlangoni ndipo Owuor aliponiita.

"Jumamosi nitaleta pikipiki dukani, uirekebishe kwa hewa ya hapa. Lakini utafungua nikiwa nimesimama hapo."

"Sawa," nikasema.

Alikuja Jumamosi, plasta ikining'inia shingoni. Nilitoa droo zangu zote mezani, nikaanza kupima jeti moja baada ya nyingine, tundu kwanza, namba baadaye. Alisimama karibu sana na meza hata akaniziba mwanga wa dirishani. Sikumwambia asogee.